Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitenzi cha Kiingereza "eschew": maana, matumizi na tafsiri yake kwa Kiswahili

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudiwa na wanafunzi wa Kiingereza, walimu, waandishi wa habari na watu wa kazi ya tafsiri kila wanapokutana na kitenzi hiki. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

"Eschew" maana yake nini?

Ni kitenzi cha Kiingereza rasmi chenye maana ya kujiweka mbali na jambo kwa makusudi, kwa sababu mtu ameamua hivyo kutokana na imani yake, kanuni zake au upendeleo wake. Uzito wa neno uko kwenye uamuzi. Mtu anayesemwa kuwa "eschews meat" si mtu aliyekosa nyama sokoni wala aliyekatazwa na daktari kwa wiki mbili. Ni mtu ambaye nyama ipo, uwezo wa kuinunua anao, lakini amejiwekea msimamo kwamba haili.

Kwa hiyo neno hili halifai kwa mambo yanayomjia mtu bila hiari. Wahenga wetu walisema ajali haina kinga, na kwa kweli hakuna Mwingereza anayesema "eschew an accident". Ajali, shimo la barabarani, mvua na foleni ya magari vina kitenzi chao, "avoid", kinachojadiliwa zaidi katika sehemu ya ndugu zake wa Kiingereza hapa chini.

Linatamkwaje?

Matamshi yaliyo salama kuliko yote ni "es-chuu", kwa "ch" ileile ya neno "chumvi", na mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho. Wazungumzaji wa Kiswahili huteleza hapa, kwa kuwa lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ulimi uliozoea "chakula" na "kitabu" hutaka kusema "ÉSchu". Tena wengine huingiza irabu katikati, wakapata "esichu". Isomwe kana kwamba sauti inapanda ngazi: "es" fupi na nyepesi, kisha "chuu" ndefu na nzito.

Kamusi za Marekani hutaja pia matamshi mengine, moja lenye "sh" na jingine lenye "sk". Mtu akiyasikia asishangae, lakini anayejifunza ashike la kwanza, maana linaeleweka kila mahali.

Maumbo yake ni yapi?

Ni kitenzi cha kawaida: "eschews", "eschewed", "eschewing". Nomino yake ni "eschewal", nayo ni nadra hata kwa waandishi wazoefu.

Je, lina uhusiano na "chew", yaani kutafuna?

Hapana. Kufanana kwa herufi ni bahati tu. "Eschew" liliingia katika Kiingereza cha Zama za Kati kutoka Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kilikuwa kimelipokea kutoka lugha za Kijerumani za kale, ambako mzizi wake ulibeba wazo la kuogopa na kuogofya. Kutoka mzizi huohuo Kiingereza kilipata neno jingine ambalo kila mwanafunzi analijua, "shy", yaani mwenye haya. Mwenye haya hujitenga na watu. Anayefanya hili la "eschew" hujitenga na jambo. Anayesahau maana ya neno ashike undugu huu, nao utamrudishia.

## Kiswahili chake

Ni neno gani la Kiswahili linalolingana nalo zaidi?

"Kujiepusha na". Hili ndilo jibu langu, na nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa naamini umbo lenyewe la neno letu linafundisha maana ya neno la Kiingereza kuliko fasili nyingi za kamusi.

Tuanzie jikoni. Mpishi huepua chungu, yaani hukitoa motoni. Wengine hutamka "ipua", na kitendo ni kilekile cha mikono miwili, matambara na chungu kinachohamishwa kutoka mahali pa hatari. Katika "epuka", wazo hilo la kuondoka mahali pa hatari linabaki: kitu au mtu hayuko tena njiani. Ongeza kiambishi cha kusababisha, upate "epusha": mtu anakiweka kitu mbali, kama tunapoomba Mungu atuepushe na balaa. Kisha tanguliza "ji", ile ya kujitenda mwenyewe, na sasa mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja. Anayejiepusha amejishika mwenyewe na kujiondoa, kama mpishi na chungu chake. Hakuna aliyemsukuma. Hiyo ndiyo "eschew".

Neno tupu "epuka" halina uhakika huo. Naweza kuepuka ajali kwa bahati tu, bila hata kujua kwamba ilikuwa mbele yangu, lakini siwezi kujiepusha na kitu bila kukusudia.

Kwa nini "kukwepa" si tafsiri nzuri?

Kwa sababu kukwepa ni kitendo cha wepesi wa mwili au wa ujanja, si cha msimamo. Mtu hukwepa ngumi, hukwepa swali, hukwepa deni. Ndani ya "kwepa" kuna jambo linalomjia mtu kwa kasi, naye anayumba pembeni ili lisimpate. Na mara nyingi tunamlaumu aliyekwepa, kwa kuwa lile alilolikwepa lilikuwa wajibu wake. "Hepa" inayosikika sana Kenya iko karibu na hapo, kwa kuwa ndani yake mna kutoroka.

Nililetewa wakati fulani tafsiri ya makubaliano ya amani kati ya jamii mbili, niipitie kabla haijasomwa mbele ya wazee. Kiingereza kilisema pande zote mbili "shall eschew violence", na mfasiri alikuwa ameandika kwamba jamii zote mbili "zitakwepa vurugu". Sikuliona kosa, macho yalipita. Mzee mmoja aliposomewa aliinua mkono akauliza, "Mwanangu, yaani vurugu zikitokea sisi tukimbie? Na nani atakayebaki kuzizima?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Maandishi yale yalikuwa yakiwaahidi watu wakimbie, wakati mkataba ulikuwa ukiwataka wasiinue silaha.

Tulipoandika "zitajiepusha na vurugu" mzee alikubali nusu tu, kwa hoja kwamba hata mpita njia hujiepusha na vurugu za wengine. Mwisho maneno yakawa "hazitatumia nguvu moja dhidi ya nyingine", na hapo ndipo kila mtu aliposikia ahadi. Tangu siku ile nimeshika kwamba "eschew violence" katika mkataba, azimio au kiapo ni ahadi ya kutotenda, na Kiswahili chake kiseme waziwazi nani hatatenda nini.

Tafsiri za vitabu vya dini zimelitendeaje neno hili?

Hapa kuna ushahidi mzuri, kwa kuwa wafasiri wa maandiko hupima kila neno.

Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa idhini ya Mfalme James inamweleza Ayubu katika mstari wa kwanza kabisa wa kitabu chake kuwa mtu aliyemcha Mungu "and eschewed evil". Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema hapo "na kuepukana na uovu". Lakini katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3 mstari wa 11, ambako Kiingereza hicho kinarudia kitenzi kilekile, Kiswahili kinasema "na aache mabaya, atende mema". Wafasiri wetu hawakukifuata Kiingereza hicho, kwa kuwa walikuwa na maandiko ya lugha za asili mbele yao. Hata hivyo kulinganisha kunafaa. Ayubu anasifiwa kwa mwenendo wa maisha yote, na "kuepukana" inaonyesha mwenendo. Petro anamwamuru mtu abadilike, na "aache" ni amri inayofika moyoni mara moja.

Kwa Waislamu, mfano ulio wazi zaidi ni Surat Al-Maida, aya ya 90, inayokataza ulevi na kamari. Tafsiri ya Kiingereza ya Abdullah Yusuf Ali inatumia "eschew", na tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani inasema "basi jiepusheni navyo". Wafasiri hawa wawili walianza na kitenzi kimoja cha Kiarabu, kila mmoja akafika kwenye neno la lugha yake, na maneno waliyofikia ndiyo haya tunayoyalinganisha. Kwangu mimi huu ni ushahidi unaotosha.

Je, naweza kutumia "kususia", "kujinyima" au "kuacha"?

Kila moja lina mahali pake, lakini si mahali pote. Kususia kuna malalamiko ndani yake: anayesusia kikao au uchaguzi anataka upande wa pili uone na uumie. Anayejiepusha hana haja ya kuonekana. Kujinyima kunadokeza kwamba kitu kinatamaniwa, na kwamba kuna uchungu katika kukikosa. Kuacha kunamaanisha mtu aliwahi kufanya. Aliyeacha sigara alivuta, ilhali "eschew" linamfaa pia ambaye hajawahi kuigusa.

Vipi sentensi inapogoma kukubali "kujiepusha na"?

Basi tumia ukanushaji wa kawaida, nao mara nyingi hushinda. Kiingereza kimeficha "hapana" ndani ya kitenzi hiki. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuitoa nje. "She eschews makeup" inasomeka vizuri kama "hajipodoi". "He eschews alcohol" ina Kiswahili ambacho kila mtu anakijua: "yeye pombe hagusi". Msikilizaji wa "hagusi" anaelewa papo hapo kwamba ni tabia na msimamo, si tukio la jana. Na tazama jinsi kuitanguliza "pombe" kunavyoongeza uzito ambao Kiingereza kimeuweka ndani ya kitenzi.

## Kati yake na ndugu zake wa Kiingereza

Tofauti yake na "avoid" ni ipi?

"Avoid" ni neno pana la kila siku. Hubeba bahati, tahadhari, hofu na msimamo vilevile. Kila mahali penye "eschew" panaweza kuwekwa "avoid" bila sentensi kuharibika, ingawa maana itapungua makali. Kinyume chake si kweli. Dereva "avoids" shimo. Mhubiri "eschews" anasa. Mwenye shaka atumie "avoid", na hatakuwa amekosea.

Na "shun"?

"Shun" lina hisia kali zaidi, mara nyingi chuki au woga, na hutumika sana kwa watu. Jamii inayomtenga mtu inasemwa kuwa "shuns" mtu huyo. "Eschew" haliwafai watu: hatusemi "eschew my neighbour", bali huenda tukasema "eschew the company of" watu wa namna fulani, na hapo kinachokataliwa ni urafiki wao, yaani jambo.

Na "evade"?

Hilo ndilo "kukwepa" letu, pamoja na lawama zake. Tofauti hii ina uzito wa kisheria katika kodi. Kiingereza cha sheria hutenganisha "tax evasion", ambayo ni jinai ya kuficha mapato au kutoa taarifa za uongo, na "tax avoidance", ambayo ni kupunguza kodi kwa kutumia nafasi zilizoachwa na sheria yenyewe. Kiswahili cha magazeti huita la kwanza ukwepaji kodi, na ni sawa. Kosa ni kuliita la pili kwa jina hilohilo, kwa kuwa mwandishi atakuwa amemtuhumu mtu jinai ambayo hakuitenda. "Eschew" halimo kabisa katika mjadala huu.

Na "abstain" na "refrain"?

"Abstain" hukaa vizuri na vyakula, vileo na kura. "Refrain" ni kujizuia wakati fulani, mara moja, kama pale ubao unapowataka watu wasivute sigara chumbani. Yote mawili hufuatwa na "from", na hapo ndipo kosa la swali linalofuata linapozaliwa.

## Sarufi

Je, ni sahihi kuandika "eschew from"?

Si sahihi. Kitenzi hiki hupokea yambwa moja kwa moja: "eschew politics", "eschew luxury". Kosa hili ni la kawaida mno kwetu, na chanzo chake si "abstain from" peke yake. Kiswahili chetu husema kujiepusha *na* siasa, na masikio yanadai kitu cha kujaza nafasi ya hiyo "na". Katika Kiingereza nafasi hiyo haipo.

Je, hufuatwa na "to"?

La. Anayetaka kuweka kitenzi baada yake atumie umbo la "-ing": "he eschewed eating meat". Lakini mwandishi makini hataandika hivyo pia, kwa kuwa "he eschewed meat" inatosha na ni safi zaidi.

Kuna muundo unaoambatana nalo mara nyingi?

Upo: "eschew" jambo hili "in favour of" jambo lile. Huonyesha kilichokataliwa na kilichoshika nafasi yake kwa pumzi moja. Kwa Kiswahili usitafsiri neno kwa neno. Geuza mpangilio useme mtu "aliacha magari akachagua baiskeli", au "badala ya magari hutumia baiskeli".

## Mahali pake katika mazungumzo na maandishi

Je, nilitumie katika barua ya kazi au mtihani?

Katika insha, ripoti, hotuba iliyoandikwa na uhakiki wa sanaa, ndiyo, mara moja au mbili. Katika ujumbe wa simu kwa mfanyakazi mwenzako, hapana; utasikika kama mtu aliyevaa joho kwenda sokoni. Watahini hawampi mtu alama kwa neno gumu lililowekwa mahali ambapo jepesi lingetosha, na nimesoma insha nyingi ambazo neno hili limetumika kwa mvua na malaria. Kwa mvua na malaria, rudi kwenye "avoid".

Kwa nini nalikuta sana katika hotuba za viongozi wa Afrika?

Kiingereza cha magazeti na mimbari barani, hasa Nigeria, kimelipenda neno hili: vijana huhimizwa "to eschew violence" na wanasiasa "to eschew bitterness". Bila shaka lugha ya mahubiri ilichangia, kwa kuwa watu waliolisikia katika Biblia ya zamani walilichukua kama neno la kuonyea. Matumizi hayo ni sahihi.

## Maswali ya pembeni

Je, kinachoepukwa lazima kiwe kibaya?

Si lazima. Umaarufu, mapambo, nyama na magari si maovu, na bado mtu anaweza kuyaacha kwa sababu zake. Kwetu husemwa kwamba mkataa pema, pabaya panamwita, na mtu anaweza kudhani kwamba anayekataa kitu chema anakosea. Neno la Kiingereza halimhukumu. Linataja uamuzi, likaishia hapo.

Je, mtu asiye na uwezo wa kupata kitu anaweza kusemwa hivyo?

Hapana, na kosa hili huumiza. Kuandika kwamba familia maskini "eschews meat" ni kuugeuza ukosefu kuwa falsafa. Sema kwamba hawamudu nyama.

Na mwiko wa ukoo je?

Hapa mpaka ni mwembamba. Mtu asiyekula nyama ya mnyama fulani kwa kuwa ni mwiko kwao anafuata katazo alilozaliwa nalo. Ningetumia "eschew" pale tu mwandishi anapoonyesha kwamba mtu huyo, akiwa mbali na kwao na bila wa kumwona, bado anaendelea kuushika kwa hiari yake.

Vitu visivyo hai vinaweza kuwa kiima chake?

Ndiyo, katika uhakiki. Jengo linaweza kusemwa kuwa "eschews ornament", na kwa kweli aliyeamua ni mchoraji wake. Kiswahili kiseme "jengo halina mapambo kwa makusudi", au kimtaje mchoraji.

Shakespeare alilitumia kwa maana hii ya leo?

Si hasa. Karibu na mwisho wa tamthilia ya *The Merry Wives of Windsor*, baba aliyezidiwa ujanja katika ndoa ya binti yake anasema "What cannot be eschewed must be embraced", yaani lisiloepukika halina budi kupokewa kwa mikono miwili. Hapo neno limebeba maana ya zamani ya kuponyoka jambo, ile ambayo leo tungeipa "avoid". Anayesoma maandishi ya karne hizo asilazimishe maana ya msimamo.

Ninazungumza Kifaransa pia. Je, "esquiver" ndilo neno hilohilo?

Swali hili huulizwa na wasomaji wa Kongo na Burundi, nao wana haki ya kulitazama kwa makini. Maneno hayo ni ndugu wa damu, pamoja na "esquivar" la Kihispania, lakini yameachana tabia. La Kifaransa limebaki ulingoni: bondia huinamisha kichwa ngumi ikapita, mwanasiasa huliacha swali likapita vivyo hivyo. Hilo ni "kukwepa". Anayetafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza asiandike "eschew" hapo. Aandike "dodge" au "evade", na akija Kiswahili arejee yale yaliyosemwa juu kuhusu mzee na mkataba wa amani.